Kuunga maneno yaliyokatwa na kistari mwisho wa mstari: kukunja orodha kunatosha au mpaka parsa?

#1 Karafuu_Mbichi
Assalaam alaykum wakuu. Nina rundo la skani za magazeti ya Unguja ya kabla ya 1964. Safu zake nyembamba, kwa hivyo maneno yamekatwakatwa ovyo mwisho wa mistari. OCR, yaani kugeuza picha kuwa maandishi, ni Tesseract kwa modeli ya `swa`, kusafisha nafanya kwa lugha ya Haskell. Nilichoandika ni hiki tu:

`safisha = T.replace "-\n" ""`

Kasoro mbili. Kwanza inaunga yasiyoungwa: `Idd-el-` ikifuatiwa na `Fitri` imekuwa `Idd-elFitri`, na `1963-` ikifuatiwa na `64` imekuwa `196364`. Pili, kuna mafaili hayaungiki hata neno moja. Kistari nakiona kwa macho, mstari mpya upo, funksheni inapita kama haijaona kitu.

Dai langu: hii si kazi ya kubadilisha maandishi kwa maandishi, wala ya kukunja orodha (fold, kupita mstari mmoja mmoja huku unakusanya jibu). Inataka parsa kamili, inayosoma maandishi kwa kufuata sarufi. Nani anabisha?

#2 FundiWete
Wa alaykum salaam. Nabisha. Kabla ya parsa angalia baiti. Toa `xxd faili.txt | head` utazame kinachofuata baada ya `2d`, ndiyo baiti ya kistari. Ukikuta `0d 0a`, faili limeandikwa kwa mtindo wa Windows, na baina ya kistari na `\n` pamekaa `\r`. `"-\n"` yako haitolingana hata siku moja.

Na usidhani `T.lines` itakuokoa. Inakata kwenye `\n` peke yake, `\r` inabaki mkiani mwa kila mstari. Dawa ni `map T.stripEnd . T.lines`, maana `stripEnd` inafuta chochote ambacho `isSpace` inakikubali, na `\r` imo. Itafuta na nafasi tupu ambazo OCR inapenda kuzitupia baada ya kistari.

Ndiyo maana mtu anaendesha programu ile ile kwenye Windows ikafanya kazi, akaihamishia Linux ikakataa. `T.readFile` ya Windows inageuza mwisho wa mstari kabla hujaona kitu, ya Linux haigusi.

#3 Bi_Nukta
Sawa, lakini si lazima iwe `\r`. Kistari unachokiona kwa macho kinaweza kuwa herufi nne tofauti: U+002D ya kibodi, U+2010 kistari halisi cha Yunikodi, U+00AD kistari laini, na U+2011 kisichokatika. Kuna na programu za OCR zinazoweka `¬` mahali neno lilipokatwa, hiyo ni U+00AC, jirani yake ukuta kwa ukuta na kistari laini. Kwa UTF-8 moja ni `c2 ac`, ya pili `c2 ad`. Hesabu hivi:

`LC_ALL=C grep -c $'\xc2\xad' faili.txt`

Ikitoa zaidi ya sifuri, umeshampata mgonjwa.

#4 NgalawaMbili
Bi Nukta, `-c` inahesabu mistari, haihesabu vistari. Kistari laini kinaweza kukaa hata katikati ya mstari, mara tatu ndani ya neno moja. Tumia `grep -o` halafu `wc -l`.

Ila kwa nini mnajisumbua? Mwanzo kabisa wa bomba weka `T.map` moja inayogeuza zote nne pamoja na `¬` ziwe `-`, kisha endelea na kistari kimoja tu. Kazi imekwisha.

#5 Bi_Nukta
Ya `-c` nimekubali, ahsante.

Ya `T.map` hapana, kaka. Unatupa habari uliyopewa bure. Kistari laini maana yake ni moja: neno linaweza kukatwa hapa. Hakiwi kistari cha neno lenyewe. Kikiwa mwisho wa mstari unganisha bila kuuliza, kikiwa katikati futa. U+2011 ni kinyume chake, mwandishi amekusudia kistari kibaki. Mwenye mashaka ni U+002D peke yake, na U+2010 kidogo. Ukivisawazisha vyote mapema, vile viwili vyenye hakika umevitia kwenye mashaka pamoja na wenzao.

#6 FundiWete
Nakazia. Mwenye uzi, hii hapa ya kuanzia. Inapokea mistari iliyokwisha kupitia `stripEnd` na `stripStart`:

```
unga :: [Text] -> [Text]
unga (a:b:z)
  | Just shina <- T.stripSuffix "-" a
  , not $ T.null b
  = let (mkia, baki) = T.breakOn " " b
    in if T.null baki
         then unga $ shina <> mkia : z
         else shina <> mkia : unga (T.stripStart baki : z)
unga (a:z) = a : unga z
unga [] = []
```

Ioneni ilivyo. Haipandishi mstari mzima wa pili, inapandisha neno la mwanzo tu, kwa hivyo mistari haizidi kurefuka. Tawi la `then` ni la safu nyembamba, pale neno linapokula mistari mitatu: `wanao-`, `shughu-`, `likia`. Lile kipande cha kati kiko peke yake mstarini na kina kistari chake, ndiyo maana kilichoungwa kinarudishwa tena mlangoni. Ukisahau tawi hilo utapata `wanaoshughu-`, chini yake mstari mtupu, na `likia` imebaki yatima.

Sharti la `T.null b` nalo si pambo. Bila yake, kistari kikifuatiwa na mstari mtupu kinafutwa, na hakuna kilichoungwa.

#7 Urojo_Darajani
Shekhe, funksheni nzuri, jina lake baya. Mtu akiona kwenye kompyuta yako "unga" mara sita atakuitia polisi.

#8 FundiWete
😂 Iite `unganisha` yakhe, mimi nimefupisha. Wengine hapa "kuunga" ni kwa tui la nazi.

#9 Kibubu
Nimeipitisha kwenye QuickCheck, ile inayobuni yenyewe mifano ya kujaribia, kwa sifa mbili. Ya kwanza, herufi zisipotee: ukichuja kwa `isAlpha` kabla na baada, mfuatano uwe ule ule. Hii imepita. Ya pili, kuendesha mara mbili kutoe jibu la mara moja. Hii imeanguka, na mfano wake mdogo ni huu:

`["a-","b- c"]`

Mara ya kwanza inatoa `["ab-","c"]`. Mara ya pili inatoa `["abc"]`. Yaani kistari kilichokuwa katikati ya mstari wa pili kimesukumwa mpaka mwisho wa mstari, sasa kinaonekana kama cha kukatia neno. Kwenye OCR hili si la kufikirika, kila penye kistari kirefu cha mazungumzo (—) utakuta `alisema- kwamba`.

#10 FundiWete
Umenikamata. Mkia ukiishia na kistari na `baki` haiko tupu, usipandishe mkia peke yake, pandisha mstari wote wa pili. Hapo kistari kinabaki katikati kilipokuwa.

#11 Mchanga_Nungwi
Kwa wa lugha ya Elixir: `File.stream!` ikisoma mstari mstari inageuza `\r\n` kuwa `\n` yenyewe, kwa hivyo mchawi wa #2 hayupo. Lakini `\n` inabaki mwishoni, lazima `String.trim_trailing`. Na usijaribu kulinganisha kwa umbo `shina <> "-"`, kompaila itakataa, kwa sababu upande wa kushoto wa `<>` lazima urefu wake ujulikane. Tumia `String.ends_with?`.

Mstari unaosubiri mwenzake uweke kwenye kilimbikizi cha `Stream.chunk_while`. Kosa la kila siku ni kuiandika ile funksheni ya mwisho irudishe kitu kitupu. Faili likiisha na mstari bado umeshikwa mkononi, mstari wa mwisho wa kila faili unapotea kimya kimya. Sifa ya Kibubu ya herufi kutopotea ingekuonesha mara moja.

#12 Mwani_Paje
Na OCaml: `input_line` kwenye Linux inabakisha `\r` kama Haskell. `String.ends_with ~suffix:"-"` ipo tangu 4.13. Kumbukeni stringi za OCaml ni baiti, kistari laini ni `"\xC2\xAD"`, baiti mbili. Ukikata baiti moja mwishoni umeacha `C2` inaning'inia, na atakayesoma UTF-8 mbele yako atapiga kelele.

#13 Karafuu_Mbichi
Ahsanteni. `\r` ilikuwepo kwenye baadhi ya mafaili, `¬` kwenye mengine. Lakini nyote mmekwepa dai langu. Kurasa zangu zina namba na jina la gazeti juu. Kipande cha kwanza kiko mwisho wa ukurasa, chini yake `\f` (alama ya kubadilisha ukurasa), kisha namba ya ukurasa, kisha kichwa, ndipo kipande cha pili. `unga` itaunganisha `wana-` na `27`. Parsa ingejua hapa ni kichwa cha ukurasa.

#14 Kibubu
Hilo ni suala la utaratibu tu. Kata kwenye `\f` kwanza upate orodha ya kurasa, ondoa mistari ya juu na chini inayojirudia ukurasa hadi ukurasa, unganisha kurasa, ndipo uunge maneno. Kila hatua funksheni yake. Ukifanya kinyume, `wana27` haiondoki tena.

#15 Popo_wa_Ngezi
Mimi niko na mwenye uzi. Mnaongeza sharti juu ya sharti: `\f`, namba, mstari mtupu, mkia wenye kistari. Hiyo ndiyo sarufi, basi iandikeni kama sarufi. Parsa ina faida moja ambayo kukunja hakuna, inakwambia mstari wa ngapi na herufi ya ngapi kilichoikwaza. Hiyo ya kukunja itafanya makosa na kunyamaza.

#16 NgalawaMbili
Parsa nayo ina lake. OCR haina sarufi. Siku `\f` haikutoka, au namba ya ukurasa imesomwa `2T`, parsa inasimama katikati ya faili. Utaongeza `try` kila mahali mpaka iwe ile ile ya kukunja, ila nzito zaidi.

#17 Bi_Nukta
Tutenganishe mambo mawili jamani. Kutembea juu ya mistari ni jambo moja, kuamua ni jengine. Mmevitia vyote chungu kimoja kama urojo, bajia, kachori na muhogo humo humo. Mimi ningeweka:

```
data Uamuzi = Unganisha | Bakisha | Wacha
amua :: Text -> Text -> Uamuzi
```

`Unganisha`: toa kistari, shikanisha. `Bakisha`: kistari kibaki, vipande vishikane bila nafasi, kama `1963-64` na `Idd-el-Fitri`. `Wacha`: hakikuwa cha kukatia neno, usiguse, kwa mfano `alisema -` yenye nafasi kabla yake.

Hiyo ya kati ndiyo inayosahauliwa. Mtu anaweka sharti la `isAlpha` kwa herufi iliyotangulia kistari, anafurahi kuwa `1963-` haikuguswa. Baadaye akija kuunganisha mistari kwa nafasi anapata `1963- 64`.

Atembeaye akiwa kukunja, parsa au jini, `amua` ni ile ile, na unaijaribu peke yake bila faili.

#18 Mwani_Paje
Na kwenye `amua` mkitaka mkia uanze na herufi, angalieni `ng'`. Ikikatwa baada ya `ng-`, mstari wa pili unaanza na alama ya ritifaa. U+2019 mbele ya `isAlpha` ni uongo, U+02BC ni kweli, ingawa machoni ni mapacha. Ng'ambo yote itabaki vipande.

#19 Popo_wa_Ngezi
Ukiwa hapo hapo kwenye `ng'`: kuna mafaili yana `ng´ombe` kwa alama ya U+00B4. Mtu akipitisha NFKC, usawazishaji wa herufi za Yunikodi, ili kuondoa herufi zilizoshikana kama `ﬁ`, hiyo U+00B4 inageuka kuwa nafasi ikifuatiwa na U+0301. Unapata `ng`, nafasi, halafu kikonyo juu ya hewa. Sahihisha ritifaa kabla ya NFKC. Na NFKC hiyo hiyo inageuza U+2011 kuwa U+2010, kwa hivyo ile hakika ya Bi Nukta kwenye #5 inakufa hapo.

#20 Mzee_wa_Silabi
Mnazungumza Yunikodi tu, lugha mmeiacha. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida inaishia na irabu, au ni `m` na `n` zinazosimama peke yake. Kipande cha kwanza kikiishia na konsonanti isiyokuwa hizo, hakiwezi kuwa neno kamili, basi kistari ni cha mstari tu: `Unganisha`. Sheria moja, haitaki kamusi. Inashika hata maandishi yaliyokatwa na programu iliyodhani ni Kiingereza, ile inayotoa `wanaf-` na `unzi`.

#21 Kibubu
Mzee, shikamoo. Na `al-` na `Barwani`? Na `Idd-`? `el-`? Zote zinaishia na konsonanti, na kistari chake ni halali. Kwa sheria yako nusu ya majina ya Mji Mkongwe yanakuwa `alBarwani`.

#22 Mzee_wa_Silabi
Marahaba. Orodha ya kuachwa basi: `al`, `el`, `Idd`, na ndugu zake `as`, `ar`, `ash`. Haifiki ishirini.

#23 Karafuu_Mbichi
Mzee, `as-` ikifuatiwa na `kari`? Itabaki `as-kari`.

#24 Mzee_wa_Silabi
Hapo utaangalia herufi kubwa mbele yake. `kari` ni ndogo.

#25 NgalawaMbili
Na gazeti likiwa limeandika kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa? `AS-` na `KARI`.

#26 Asali_ya_Konde
Tatizo la sheria ya #20 si zile chache, ni wingi. Mpiga chapa anayejua Kiswahili anakata kwenye silabi, kwa hivyo vipande vingi vinaishia na irabu, na huko sheria imenyamaza. Njia yangu ni mipito miwili. Wa kwanza unahesabu maneno yote yaliyo katikati ya mistari, yenye kistari na yasiyo nacho. Wa pili, kwa kila neno lililokatwa, unauliza: umbo lililoungwa limetokea mara ngapi humu humu, na lenye kistari mara ngapi? Kubwa lishinde. Kamusi inatoka kwenye maandishi yenyewe, hata tahajia za zamani zimo.

Mambo mawili ya kuangalia. Tumia `Data.Map.Strict`, la sivyo hesabu hazihesabiwi, zinarundikana memorini zikisubiri. Na kila ufunguo upitishe kwenye `T.copy`. Neno ulilolikata kwenye `Text` kubwa ni dirisha tu juu yake. Ukiliweka kwenye ramani bila kulinakili, neno la herufi nne linazuia faili zima lisiachiwe.

#27 Bi_Nukta
Nzuri kwa majina. Kwa vitenzi vyetu je? `wameshaanzishiana` itatokea mara moja tu, na mara hiyo hiyo moja ndiyo iliyokatwa. Sifuri kwa sifuri. Kiswahili kinabandika viambishi, kwa hivyo sifuri kwa sifuri ndiyo hali ya kawaida.

#28 Asali_ya_Konde
Sifuri kwa sifuri: `Unganisha`.

#29 Mzee_wa_Silabi
Basi kamusi yako imefanya kazi gani? Kama jibu la kukosa ni kuunga, weka orodha yangu ya kuachwa, tarakimu, na herufi kubwa, umemaliza. Mpito mmoja, na mvivu: mstari unaingia mstari unatoka, faili zima halikai memorini.

#30 Asali_ya_Konde
Imefanya kazi kwenye majina ya mitaa na watu ambayo orodha yako haiyajui, na kwa `AS-KARI` ya Ngalawa, ukihesabu kwa herufi ndogo.

#31 Mchanga_Nungwi
Kuna njia ya tatu kwa mwenye mafaili makubwa, monoidi. Kila kipande cha maandishi kiwakilishwe na vitu vitatu: mstari wa mwanzo usiojulikana mwanzo wake, mistari ya kati iliyokwisha, na mstari wa mwisho usiojulikana mwisho wake. Kuunga vipande viwili ni kuulizana mkia wa huyu na kichwa cha yule. Ukianza kushoto au kulia jibu ni moja, kwa hivyo unagawa kazi kwa viini vyote vya prosesa. Kipande kisichokuwa na mstari mpya hata mmoja kipe umbo lake peke yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

#32 Mwani_Paje
Na usikate kwa idadi ya baiti, utapasua herufi ya UTF-8 katikati. Kata kwenye `0a`, hiyo haiwi sehemu ya herufi nyengine.

#33 FundiWete
Monoidi kwa magazeti ya MB chache ni kuvulia dagaa kwa jahazi. Kinachokula muda kwenye programu za namna hii ni `foldl` inayobandika `acc <> mstari` kila hatua, inanakili yote tangu mwanzo. Toa orodha, `T.unlines` mara moja mwishoni. Inaongeza `\n` ya mwisho hata kama haikuwepo, ukilinganisha mafaili usishtuke.

#34 Karafuu_Mbichi
Nimefanya hivi: `stripEnd`, vichwa vya kurasa nje, `amua` ya Bi Nukta, orodha ya Mzee, kwa wenye irabu hesabu za Asali. Parsa sijaitupa, ipo kwenye vichwa vya kurasa. `Idd-el-Fitri` imekaa sawa, `1963-64` pia.

Iliyonishinda ni hii: `pole-` mstari wa juu, `pole` mstari wa chini. Humu humu kuna `polepole`, kuna `pole pole`, na `pole-pole` kwa tahajia ya zamani. Hesabu zake zimekaribiana.

#35 Asali_ya_Konde
Hesabu kwa gazeti moja moja, usichanganye yote. Kila mhariri ana mkono wake.

#36 Mzee_wa_Silabi
Vipande viwili vikifanana herufi kwa herufi, `Bakisha`. Ni neno la kurudufu.

#37 Kibubu
`ma-` na `ma`, Mzee.

#38 Mzee_wa_Silabi
Zaidi ya silabi moja.

#39 Kibubu
`bara-` na `bara`.

#40 Popo_wa_Ngezi
Uamuzi una matawi matatu, na `pole pole` inataka la nne: ondoa kistari, tia nafasi. Bi Nukta, ongeza `Tenga`, halafu washa `-Wall` uone kompaila itakavyokuonesha kila mahali ulipoisahau.